Ncha ya Pili ya Tepu

Ghati mwanangu,

Mambo ya masufuria, blanketi na namba ya simu ya shangazi yako wa Dodoma nimemwachia mama yako. Ameyaanza tangu Jumatatu na sidhani atayamaliza kabla hujawasha gari kwenda kuanza kazi. Mimi nina jambo moja tu, nalo lina matundu matano.

Nimekaa hapa gereji juu ya matairi mawili ya lori. Vijana wameshaondoka, jua bado halijazama vizuri, na karatasi nimeichana kwenye daftari lako la chuo, lile ulilokuwa ukichorea nyaya. Samahani kwa hilo. Gari lako liko mbele yangu juu ya stendi nne, halina gurudumu hata moja. Zile rimu zake za zamani za chuma ziko stoo, mbili zimepinda kidogo lakini zinatembea. Pembeni, chini ya turubai la bluu, kuna nyingine nne ambazo hujaziona. Sijazifunga. Nitakwambia kwa nini, ila itabidi nianzie mbali.

Siku kumi na moja sasa unanipa shikamoo na kupita. Nimezihesabu, si unanijua. Ulikuja na simu mkononi, umefurahi, ukanionyesha rimu za rangi ya dhahabu, inchi kumi na nane, kuna mtu Mwanza anaziuza kwa bei ya kushangaza. Nami mbele ya vijana wangu, na mbele ya yule nesi aliyekuja kuziba pancha, nikasema hizo ni bangili, si rimu. Ukanijibu palepale: "Baba, wewe siku mkwe akija utampima kwa tepu kabla hujampa chai." Wakacheka wote, nesi akashika ukuta. Hata mimi nilicheka, kwa nje. Halafu nikasema lile neno ambalo nimelitafuna mpaka leo, kwamba gari hili halitoki Bomani na takataka hizo. Ukaitia simu kwenye begi.

Namba zangu zilikuwa sahihi. Kosa langu ni kwamba nilikupa kelele badala ya namba, na wewe ni mtu wa namba, umezirithi kwangu. Basi zichukue leo.

Rimu za gari lako zina upana wa inchi sita na nusu. Zile za dhahabu ni nane na nusu. Inchi mbili zimeongezeka, na upana unagawanyika pande mbili: milimita ishirini na tano nje, ishirini na tano ndani. Sasa angalia ile namba ndogo ambayo watu hawaiangalii, inayoonyesha pale rimu inapobana kwenye habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, pako umbali gani kutoka katikati ya upana wake. Yako ni arobaini na tano. Ile ni thelathini. Maana yake gurudumu zima linasogea nje milimita kumi na tano zaidi. Jumlisha: upande wa nje arobaini, tairi linachungulia nje ya madigadi kama ulimi wa ndama. Upande wa ndani toa, zinabaki kumi. Kati ya tairi na shokomzoba nilikuwa nimepima kumi na nne. Zingebaki nne. Kwenye lami unaweza kubahatisha. Kwenye shimo moja tu ukiwa na mizigo ya kuhama, zile nne hazipo.

Ningeweza kuyasema hayo kwa dakika mbili na kukupa soda. Nilifoka kwa sababu sikuona rangi ya dhahabu kwenye simu yako. Niliona mguu wa mama yako.

Sasa hapa ndipo pagumu, Ghati. Tangu ukiwa mdogo umeambiwa mama yako anachechemea kwa sababu aliteleza kwenye mawe ya mtoni akiwa na ndoo. Hakuteleza. Hadithi hiyo niliitunga mimi. Yeye aliikubali, lakini alinipa sharti. Alisema ataibeba mpaka siku nitakapokuwa na ubavu wa kuivunja mwenyewe. Juzi, akipepeta mchele, bila hata kuniangalia, akasema, "Mtoto anadhani baba yake ni mchoyo wa rimu. Mwambie mguu."

Basi sikia mguu.

Unajua nilivyoanza. Nilitoka Kemambo na pampu moja ya mkono na beseni la maji, nikakaa hapa Bomani kando ya barabara, naziba pancha za baiskeli. Nilipokwenda Morotonga kumposa mama yako, babu yako aliwatazama ng'ombe wangu, akasema wamekonda kama kazi yangu. Wakwe wote walicheka. Nilimwoa, lakini neno lile lilikaa kwangu kama mwiba wa mgunga; usiposikia maumivu mchana, utayasikia ukilala. Nilifanya kazi miaka sita nikiwaza siku moja tu, siku nitakayoingia uani kwa yule mzee na kitu kinachong'aa.

Kitu hicho nilikipata. Mwalimu mmoja wa kutoka Iringa alihamishwa akaniuzia gari lake, la milango miwili, la spoti, dogo na jekundu kama lako. Ndiyo, ndiyo maana nilikubali haraka ulinunue uliponionyesha hili lako likiwa limekaa juu ya mawe, hata injini sikuiuliza. Lile langu lilikuwa zima, ila rimu zake zilikuwa za chuma na kutu. Nikaona haiwezekani niingie Morotonga na rimu za kutu.

Hapo ndipo anapoingia Marwa. Umelisikia jina hilo nikilitema, hujawahi kumwona mtu mwenyewe. Marwa na mimi tulitahiriwa asubuhi moja. Yeye alikuwa wa tano kwenye mstari, mimi wa sita, na nilisimama imara kwa sababu niliuona mgongo wake haukutikisika. Kwetu watu wa rika moja, wa saro moja, wanakula sahani moja, na hampimiani nyama. Ukianza kuangalia finyango ya mwenzako ni kubwa kiasi gani, umemwita mwizi. Ndivyo tulivyolelewa, na kwa nyama ni jambo jema.

Marwa alikuwa akileta vitu kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Akaja na rimu nne, inchi kumi na saba, zinawaka kama sufuria mpya. Niliziona nikazipenda jinsi sisi tunavyompenda ng'ombe: unamzunguka, unampapasa nundu, unamwangalia anavyosimama. Zilikuwa na matundu matano na zilikaa kwenye boliti zangu. Nikatia mkono mfukoni nikatoa tepu. Asubuhi ileile nilikuwa nimeitumia kwa gari la mteja. Marwa akaiona. Akacheka kidogo, akaniambia, "Mura, unanipima mimi?"

Nikairudisha mfukoni.

Tepu ingesema nini? Ingesema tundu la katikati ya rimu lina milimita sabini na tatu, na habu ya gari langu hamsini na nne. Rimu haikukaa kwenye habu hata kidogo. Palikuwa na nafasi ya milimita tisa na nusu kuizunguka, inaning'inia kwa nati peke yake. Na zile nati alizonipa zilikuwa za kichwa cha mviringo, wakati viti vya matundu ni vya koni, kwa hiyo zilikuwa zinagusa mstari mwembamba tu, kama jiwe la mviringo juu ya mdomo wa chupa. Halafu breki zilikuwa zinakwaruza, Marwa akaniongezea spesa za bure, zile sahani za kuisukuma rimu nje. Za bure. Spesa zikala nyuzi za boliti. Nati zilishika mizunguko minne. Inatakiwa isipungue minane. Mimi, mtu niliyekuwa nakaza nati za watu kila siku, niliikaza ile nati, nikausikia ule mzunguko wa nne ukigota, na moyo wangu ukajua. Nikasema moyoni, Marwa hawezi kunipa kitu kibaya.

Siku ya kwenda Morotonga tulipita Nyamwaga usukani ukitetemeka. Mama yako akaniambia nisimame niangalie. Nikamwambia ni barabara hiyo, imechongwa vibaya na greda. Mbele kidogo akarudia, akaniita kwa jina langu la ukoo, na unajua mama yako akimwita mtu kwa jina la ukoo. Nikaongeza mwendo ili mtetemeko upungue. Ulipungua, kwa sababu ukifika mwendo fulani unapungua kweli, na hilo ndilo linalowaua watu.

Kwenye mteremko, kabla ya daraja la Mto Mara, niliona gurudumu linatupita upande wa kushoto. Linang'aa, linaruka, linakwenda zake. Nilipata muda wa kufikiri, nani huyo amepoteza gurudumu? Halafu pua ya gari ikashuka.

Mimi sikupata hata mchubuko. Mguu wa mama yako ulibanwa chini ya dashibodi, ukavunjika mara mbili. Watu waliokuwa wanapeleka mahindi kwa pikapu walituchukua mpaka hospitali, wakatungoja. Ndivyo nilivyoingia kwa wakwe zangu, Ghati. Baada ya hospitali, mama yako yuko juu ya godoro nyuma ya pikapu ya mahindi, mimi nimeshika mkoba wake. Babu yako alitoka nje akatuangalia. Nilitamani aseme kitu kuhusu ng'ombe wangu.

Marwa hakuja kutoa pole. Nilisikia amesema gari lilikuwa langu na dereva nilikuwa mimi. Nikaapa sitamsemesha tena. Miaka ishirini na sita nimesema moyoni kwamba Marwa amemvunja mke wangu mguu. Mama yake Marwa alipofariki, watu wa rika letu wote walikwenda kumzika, mimi nilikaa hapa naziba matairi. Mama yule alikuwa akinipa maziwa nikiwa mtoto. Hilo nalo nalibeba.

Tangu hapo ndipo nikawa huyu unayemjua. Tepu shingoni, na vania, kile kipimo cha kubana, mfukoni. Wanaoniita Mzee Milimita nawasikia, wateja wameondoka wakisema nawacheleweshea safari, jirani yangu hapo anafunga rimu tatu wakati mimi napima moja. Wote hao nimewavumilia. Nilichoshindwa kuvumilia ni wewe ulipocheka nao, na hukuwa na kosa, maana ningekwambia sababu usingecheka. Mtu akificha kidonda halafu akagombana na anayekigusa, mwenye kosa ni nani?

Sasa, baada ya ule ugomvi wetu nilianza kukutafutia zako. Niliapa kupata kitu kizuri, kwa bei ya mtu anayeanza kazi, na kinachokaa. Ni vigumu kuliko unavyodhani. Matundu matano yapo mengi, lakini gari lako linataka yale yaliyo kwenye duara la milimita mia moja, na mengi yanayouzwa huku ni ya mia moja kumi na nne. Kwa macho hutofautishi. Fundi mmoja Musoma aliniuzia maneno kwamba zake ni mia moja kamili, amepima tundu hadi tundu la mbele yake akiruka moja. Maskini, matundu yakiwa matano hakuna linalotazamana na jingine, kwa hiyo kipimo kile ni cha uongo. Pima mawili yaliyo jirani, katikati hadi katikati, zidisha kwa moja nukta saba. Ukipata hamsini na nane na ushee, hiyo ndiyo mia yako. Zake zilitoa sitini na saba. Nikamuaga.

Mwishoni kijana mmoja wa vipuri akaniambia, Mzee, za mia moja, inchi kumi na sita, anazo mtu mmoja Sirari. Akanitajia jina. Nililijua kabla hajalimaliza.

Nilikaa siku mbili. Ya tatu nikaenda.

Amezeeka, Ghati. Nadhani na yeye alisema hivyo moyoni. Ana banda la mabati, rimu zimening'inia mpaka darini, na kikombe cha chai ya maziwa kama ya ng'ambo. Tukasalimiana kama watu wanaopita njiani. Halafu akauliza, akiwa ameangalia chini, mguu wa shemeji unaendeleaje. Miaka ishirini na sita, na hilo ndilo la kwanza. Nikamwambia unauma wakati wa baridi. Akatikisa kichwa, akaenda ndani, akazitoa rimu nne na kuzipanga chini mbele yangu, moja moja, taratibu kama mtu anayeweka mayai.

Nikatia mkono mfukoni. Nikaitoa tepu, na yeye akaiona, kama siku ile.

Hakucheka. Akachuchumaa, magoti yakalia, akashika ncha ya tepu akaiweka kwenye tundu mwenyewe. Akasema, "Soma wewe. Macho yangu milimita hayazioni tena."

Tulipima zote nne hivyo, yeye ncha ile, mimi hii. Nusu saa nzima, na hatukuzungumza kitu kingine zaidi ya namba. Tulipofika ya mwisho akasema kwamba mwaka ule alikuwa amefunga rimu za aina ileile kwenye gari lake mwenyewe. Nalo lilikuwa likitetemeka. Alidhani ni barabara.

Miaka yote hiyo nilikuwa namdai ujuzi ambao hakuwa nao. Tepu ilikuwa mfukoni mwangu, Ghati. Haikuwa mfukoni mwa Marwa.

Moja kati ya zile nne tuliipaka mafuta ya taa, tukaifuta, tukapaka chaki, na mstari mwembamba ukajitokeza karibu na tundu: ufa. Akaitupa nyuma ya banda bila kuambiwa, akanitafutia nyingine. Bei aliyonipa ni theluthi mbili ya zile za dhahabu, na sikumwomba apunguze. Nilipoondoka akanishika mkono kwa mikono miwili. Mama yako anataka aje kula hapa Krismasi. Tutaona. Nimesema tutaona, sijasema hapana.

Kwa hiyo hizo ndizo ziko chini ya turubai. Upana inchi saba, ile namba ndogo ni arobaini na mbili: nje zinaongezeka milimita tisa, ndani tatu. Tundu la katikati ni kubwa kuliko habu yako, kama ilivyo kwa nyingi za namna hii, na hilo siyo kosa ukilijua. Nimemtuma fundi wa kukereza chuma akanichongea pete nne za aluminiamu za kuziba ile nafasi, ndani hamsini na nne nukta moja, na zinaingia kwa kusukuma na kiganja. Nati ni mpya, za koni. Rangi ni ya fedha, siyo dhahabu. Samahani. Ila nimeziosha vizuri.

Agizo langu ni hili moja, mengine yote ya mama yako: ukifika Bunda simama, ukaze nati tena, hata kama mikono itachafuka.

Na sasa sababu ya kutozifunga. Ningeweza kuzifunga leo, ukaamka ukazikuta, ukasema ahsante baba, ukaondoka kwa sababu umeniamini. Sitaki. Nilimwamini mtu niliyempenda, na kwa kumpenda nikaona haya kumpima. Huko uendako utakutana na watu utakaowapenda, kazini, nyumbani, watakuletea vitu vinavyong'aa kwa moyo mweupe kabisa na vitakuwa haviingii. Wengine wao hawatajua. Usiwachukie. Lakini tepu usiirudishe mfukoni. Na kama atakasirika ukipima, mwache akasirike. Hasira inapoa, mguu wa mama yako bado unauma.

Naanza na mimi. Tepu nimeiacha kwenye kiti cha dereva, vania iko juu yake. Kesho asubuhi ukishakunywa chai, njoo na mama yako, ondoa turubai, upime kila kitu upya mbele yangu. Usichukue namba zangu za kwenye barua hii. Mimi nina miaka hamsini na minne na juzi nilisoma tatu nikaiona nane. Hesabu mizunguko ya nati kwa mdomo, kwa sauti. Ukikuta nimekosea, sema baba umekosea, tutafunga zile za chuma na utaondoka nazo, na sitanuna. Haya, nitanuna mpaka ufike Musoma, halafu nitakupigia simu.

Na huyo mkwe, siku akija, nitampa chai kwanza.

Nitakuwa hapa kuanzia saa kumi na mbili. Wewe soma. Mimi nitashika ncha ya pili.

Baba yako